Solisita amekuharibia mambo Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili walioko Uingereza na Wales ambao wanahisi wakili wao, yaani solisita, amewaangusha, iwe kwenye ununuzi wa nyumba, kesi ya viza au hifadhi, mirathi, ajali ya kazini au talaka. Unaeleza mfumo ulivyo. Kesi yako wewe inahitaji mtu wa kukaa na faili lako. Kabla ya yote shika hili: milango ya kulalamikia ni mitatu, kila mmoja una kazi yake, na saa ya mlango wa pesa (bima na mahakama) haisimami wakati unabisha hodi kwenye ile mingine. Wengi wanaokosa haki yao hawakosi kwa sababu hawakuwa na hoja. Wanakosa kwa sababu walikaa miaka wakisubiri barua kutoka ofisi ambayo tangu mwanzo haikuwa na uwezo wa kuwalipa.

Nimemchoka wakili wangu. Nitajuaje kama ni uzembe au ni huduma mbovu tu?

Huduma mbovu ni kutopokea simu, barua kukaa wiki sita bila jibu, bili kupanda bila maelezo, faili kupotea. Hiyo unaanza kuilalamikia kwa kampuni yenyewe, kisha Legal Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya huduma za mawakili.

Utovu wa maadili ni wakili kula pesa za wateja, kudanganya mahakama, kughushi tarehe kwenye hati, au kuwatetea watu wawili wanaopingana katika jambo lilelile. Hiyo inakwenda kwa Solicitors Regulation Authority, yaani SRA, msimamizi wa masolisita.

Uzembe kwa maana ya kisheria ni pale alipofanya kazi chini ya kiwango cha solisita mwenye ujuzi wa kawaida, na kwa sababu hiyo wewe ukapata hasara inayohesabika. Huo ni mlango wa bima na mahakama.

Tendo moja linaweza kuwa yote matatu. Wakili aliyesahau kufungua kesi yako kwa wakati, akakuambia "inaendelea vizuri", kisha akakutoza ada, amegusa kila mlango. Ila kushindwa kesi peke yake si uzembe. Upande mmoja lazima ushindwe, na wakili anayekupa ushauri wa busara usioleta matunda hajakukosea kisheria hata kama umebaki na machungu.

Lazima nithibitishe nini mahakamani?

Mambo matatu: kwamba alikuwa na wajibu kwako, kwamba aliuvunja, na kwamba uvunjaji huo ndio uliokutia hasara. La kwanza huwa rahisi, maana ulimpa kazi naye akaipokea. La tatu ndilo linalozika madai mengi.

Mfano unaosomeshwa kila mahali ni kesi ya White v Jones. Mwaka 1986 mzee mmoja aligombana na binti zake wawili baada ya mama yao kufariki, akaandika wosia wa kuwatoa. Haikuchukua muda wakapatana. Mwezi Julai akawaandikia mawakili wake: andaeni wosia mpya, kila binti apate pauni 9,000. Barua ikakaa. Mhusika akaenda likizo. Miadi ilipopangwa hatimaye, mzee akafariki siku chache kabla yake, na wosia uliokuwa na saini ni ule wa hasira. Mawakili wakajitetea kwamba wateja wao hawakuwa mabinti, alikuwa mzee, na mzee mwenyewe hakupoteza hata senti. Kwa hesabu za karatasi walikuwa sahihi: aliyekuwa na haki ya kushitaki hakuwa na hasara, na waliokuwa na hasara hawakuwa na mkataba. Mwaka 1995 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua mabinti walipwe. Nusura wakose.

Kuna kesi nyingine ya wosia ambayo familia zetu zinapaswa kuijua zaidi. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 inasema mashahidi wawe wawili, na shahidi au mke au mume wa shahidi akiwa anarithi kwenye wosia huohuo, urithi wake unafutika. Kwetu ni kawaida kumwita shemeji aliyeko sebuleni: njoo tia saini hapa. Katika Ross v Caunters, mume wa mrithi alishuhudia, mawakili hawakumtahadharisha mtoa wosia, na hati ilipowarudia hawakuona kasoro. Mrithi akapoteza urithi, akawashitaki mawakili, akashinda. Ukijiandikia mwenyewe kwa fomu ya dukani na shemeji akatia saini, huna wa kumshitaki.

Kesi yangu ilikufa kwa sababu yake. Nitalipwa yote niliyokuwa nikidai?

Mara chache. Mahakama haijui kama ungeshinda, kwa hiyo inapima thamani ya nafasi uliyopokonywa. Chimbuko lake ni kesi ya Kitchen ya mwaka 1958. Mjane mmoja alifiwa na mumewe kwa shoti ya umeme nyumbani, na mawakili wake wakaacha muda wa kufungua kesi ukapita. Mahakama ya Rufani haikusema angeshinda kwa hakika. Ilisema alikuwa na kitu chenye thamani na wakakipoteza, ikampa theluthi mbili ya kile ambacho angepata.

Lakini wewe mwenyewe lazima uonyeshe kwamba kweli ungedai, na ungedai kwa uaminifu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu kabisa iliamua kesi ya Perry v Raleys, iliyohusu mchimba makaa ya mawe mstaafu ambaye mikono yake iliharibiwa na mashine zinazotetema. Alisema mawakili wake walimfanya akose fidia ya kusaidiwa kazi za nyumbani. Jaji aliyemsikiliza akaona kwamba kazi hizo aliweza kuzifanya, hivyo asingeweza kuyatoa madai hayo kwa ukweli, na Mahakama ya Juu ikakubaliana na jaji. Nafasi ya kupata pesa kwa kudanganya haina thamani mbele ya sheria.

Nina muda gani?

Soma sehemu hii mara mbili.

Kufungua kesi ya uzembe mahakamani: miaka 6. Ukidai kwa msingi wa mkataba, inahesabiwa tangu siku mkataba ulipovunjwa. Ukidai kwa msingi wa uzembe, tangu siku hasara ilipotokea. Kama kosa lilikuwa limejificha, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980 inakupa miaka 3 tangu siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, mambo ya msingi. Juu ya hapo kuna ukuta wa miaka 15 tangu kosa lenyewe, na ukishapita ukuta huo madai ya uzembe yamefungwa hata kama ulikuwa hujui kitu. Anayegundua leo kwamba hati ya nyumba aliyonunua mwaka 2005 ina kasoro anaugonga ukuta huo moja kwa moja.

Legal Ombudsman: mwaka 1 tangu tendo, au mwaka 1 tangu ulipopaswa kugundua. Kanuni hiyo imeanza Aprili 2023. Zamani muda ulikuwa mrefu zaidi, na bado kuna watu msikitini na kanisani wanaoambizana "una miaka sita". Sita ni ya mahakama.

Kama muda wa mahakama unakaribia kwisha na mazungumzo na upande wa pili bado yanaendelea, mnaweza kuandikiana makubaliano ya kuisimamisha saa. Yawe kwa maandishi yenye saini. Maneno ya simu, "usiwe na wasiwasi, hatutakubana kwa muda", hayana uzito.

Wakili amekiri kosa na amesema atalirekebisha bure. Nikubali?

Kukiri ni wajibu wake. Kanuni za SRA zinamtaka awe mkweli kwa mteja mambo yanapoharibika, aeleze madhara kikamilifu na kwa haraka, na arekebishe panapowezekana. Ila kuanzia dakika hiyo masilahi yake na yako yanaweza kuwa yamegongana: wewe unataka fidia, yeye hataki jina lake liende kwa kampuni ya bima. Anatakiwa akuambie utafute ushauri kwa mwingine. Akikuletea karatasi ya pauni 500 na sentensi ya "malipo haya yanamaliza madai yote", usitie saini siku hiyo.

Pesa ya fidia inatoka wapi hasa?

Kwenye bima, na hapa nitausifu mfumo wa Kiingereza bila kinyongo. Kila kampuni ya masolisita lazima iwe na bima ya kitaaluma ya angalau pauni milioni 2 kwa kila dai, na pauni milioni 3 ikiwa ni kampuni yenye dhima yenye kikomo (limited). Ikifungwa, bima inaendelea kukinga makosa ya zamani kwa miaka 6. Hivyo ukiikuta ofisi imekuwa duka la simu, madai yako hayajafa.

Unaanza kwa barua ya taarifa, kisha barua ya madai inayoeleza nini kilitokea, kosa ni lipi na hasara ni kiasi gani. Utaratibu wa kabla ya kesi unawapa siku 21 kukiri wameipokea na miezi 3 baada ya hapo kuchunguza. Atakayekujibu kwa kweli ni wakili wa kampuni ya bima. Huyo hana aibu wala undugu na wewe, anataka hesabu. Mpe hesabu.

Legal Ombudsman anafanya nini?

Ofisi hii ilifunguliwa Oktoba 2010, na kwa mteja ni bure. Sharti ni uilalamikie kampuni kwanza kwa maandishi na kuipa wiki 8. Ikikujibu jibu la mwisho, una miezi 6 ya kwenda kwa Ombudsman. Anaweza kuamuru radhi, ada ipunguzwe au irudishwe, kazi irekebishwe, na fidia hadi pauni 50,000.

Mtego uko hapa: ukiukubali uamuzi wake, unakufunga wewe na kampuni, na jambo hilohilo huwezi kulipeleka mahakamani tena. Hasara ikiwa pauni 3,000, ni njia nzuri kuliko zote. Ikiwa ni nyumba ya pauni 280,000, usiende huko kabla hujaongea na wakili wa kesi za uzembe. Ukiukataa uamuzi, mlango wa mahakama unabaki wazi, mradi ukomo haujapita.

Nikimripoti SRA, watanirudishia pesa zangu?

Hapana. SRA inalinda umma kwa jumla. Inaweza kumwonya wakili, kumwekea masharti, kuifunga ofisi yake na kuchukua mafaili, na kumtoza faini. Faini inakwenda Hazina ya serikali. Nimeona watu wakishangilia kwamba wakili wao amepigwa faini, kisha wakauliza hundi inakuja lini.

Kuna njia moja ya pembeni. SRA inaendesha Mfuko wa Fidia, unaochangiwa na masolisita wenyewe, kwa ajili ya pesa zilizoibwa au ambazo wakili ameshindwa kuzitolea hesabu. Kikomo ni pauni 500,000 kwa dai, na kwa kawaida uombe ndani ya miezi 12 tangu ugundue. Mfuko hulipa kwa hiari yake. Si haki unayoweza kuidai kama deni. Wala haulipii uzembe wa kawaida, ambao ni kazi ya bima.

Kwa nini mawakili waachiwe kujihukumu wenyewe? Si nyani kuamua kesi ya msitu?

Swali hili ni la zamani kuliko SRA, na jibu lake linaanzia kwa mteja mmoja mbishi.

Miaka ya 1970, Leslie Parsons alipewa bili ya takriban pauni 197,000 na wakili wake, Glanville Davies. Mahakama ilipoikagua ikashuka hadi takriban pauni 67,000. Tofauti ya namna hiyo si kosa la kikokotoo. Parsons akalalamika kwa Law Society, chama cha masolisita, ambacho wakati huo kilikuwa vyote kwa pamoja: mtetezi wa mawakili, mtunga kanuni na mpokea malalamiko. Davies alikuwa mjumbe wa baraza la chama hichohicho. Malalamiko yakazungushwa mwaka baada ya mwaka, na Davies akaachiwa ajiuzulu barazani kwa sababu za afya. Parsons akachoka kuandika barua, akaenda mwenyewe Mahakama Kuu, na mwaka 1983 ndiyo iliyomfuta Davies kwenye orodha ya mawakili. Chama kikajichunguza na kukuta makosa yamepangana.

Kilichofuata ni miaka ishirini na kitu ya kubadilisha kibao cha mlangoni. Mwaka 1986 ikaundwa Solicitors Complaints Bureau. Mwaka 1996 ikawa Office for the Supervision of Solicitors. Majalada yakaendelea kurundikana chini ya majina mapya. Serikali ikateua kamishna wa malalamiko, Zahida Manzoor, ambaye mwaka 2006 alikitoza chama faini kwa kuwa na mpango usiotosha wa kushughulikia malalamiko. Msimamizi kutozwa faini kwa kushindwa kusimamia si jambo la kila siku.

Wakati huo Sir David Clementi, aliyewahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alikuwa ameshatoa ripoti yake ya Desemba 2004. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: anayewatetea mawakili asiwe ndiye anayewaadhibu. Ndipo ikaja Sheria ya Huduma za Kisheria ya mwaka 2007. SRA ikatengwa na chama, malalamiko ya huduma yakapewa Legal Ombudsman, na juu ya wote ikawekwa Legal Services Board, ambayo mwenyekiti na wajumbe wake wengi si mawakili. Lakini SRA ilibaki ndani ya nyumba ya chama. Ilipata kuwa kampuni inayojitegemea kisheria mwaka 2021 tu, na hata leo gharama zake zinatoka kwenye ada wanazolipa masolisita.

Kwa hiyo wanaosema "wanajihukumu wenyewe" wako nyuma ya wakati kidogo. Hata hivyo, kutengana kwenye karatasi hakujaleta ukali uliotarajiwa. Oktoba 2023 SRA iliifunga Axiom Ince, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu moja, baada ya kugundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 60 za wateja hazipo kwenye akaunti. Kampuni hiyo ilikuwa imekua kwa kasi kwa kuzinunua nyingine zilizokuwa zikizama, na mwenye macho alipaswa kujiuliza pesa za kununulia zinatoka wapi. Legal Services Board ikaagiza uchunguzi huru, na ripoti ya Oktoba 2024 ikasema SRA haikuchukua hatua za kutosha wala zenye tija. Waliolipa ni Mfuko wa Fidia, yaani masolisita wengine wote, ambao nao hupitisha gharama kwenye bili. Bili yako.

Maoni yangu: tatizo la leo si urafiki kama enzi za Davies. Ni msimamizi anayesubiri kuletewa ripoti badala ya kwenda kufungua vitabu mwenyewe.

Basi si serikali ichukue kazi hiyo?

Aliyetoka kwetu anajua upande wa pili wa sarafu. Tanzania Bara, nidhamu ya mawakili iko kwa Kamati ya Mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na ndani yake upo upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali pamoja na jaji na wakili anayeteuliwa na chama cha mawakili, TLS. Septemba 2020 kamati hiyo ilimfuta Fatma Karume, aliyekuwa rais wa TLS, kwa jambo lililotokana na hoja alizoziandika katika kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu mwenyewe. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Kenya nayo ina Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, halafu baraza la nidhamu linalosikiliza mashitaka. Wakili anayeishitaki serikali asubuhi hawezi kuwa na amani kama serikali hiyohiyo ndiyo inayoshika leseni yake jioni. Kwa hoja hii tu naona afadhali mfumo wa Kiingereza, pamoja na uzito wake wote.

Nani anamfuta wakili kabisa?

Solicitors Disciplinary Tribunal, baraza la nidhamu la masolisita lililoko London. SRA inaandaa mashitaka, baraza linahukumu. Linakaa watatu: masolisita wawili na raia mmoja asiye wakili. SRA yenyewe inaweza kutoza hadi pauni 25,000 (kabla ya Julai 2022 kikomo kilikuwa pauni 2,000, pesa ambayo kampuni kubwa hulipia chakula cha mchana), na kwa makosa ya uhalifu wa kiuchumi kikomo hicho kimeondolewa. Baraza halina kikomo cha faini. Tangu Novemba 2019 linatumia kiwango cha ushahidi cha kesi za madai, yaani uwezekano mkubwa zaidi, badala ya kile cha jinai. Mashauri husikilizwa hadharani kwa kawaida na hukumu huchapishwa mtandaoni, kwa hiyo tafuta jina la wakili kabla ya kumpa kazi, si baada.

Wakili wangu wa uhamiaji alikosa tarehe ya rufaa. Home Office watanihurumia?

Usitegemee. Katika kesi ya Al-Mehdawi ya mwaka 1990, mawakili wa mwanafunzi mmoja walituma taarifa ya siku ya kusikilizwa kwenye anwani yake ya zamani. Rufaa ikasikilizwa bila yeye, akashindwa. House of Lords ikasema kosa la wakili wako ni lako. Mahakama haikukunyima haki. Tangu hapo, hasa kwa wanaoomba hifadhi, mahakama zimelainika, na kesi ya FP (Iran) ya mwaka 2007 ni ya kumkumbusha wakili wako mpya.

Lakini kuna utaratibu. Ukitaka kumwambia jaji "ni wakili wa zamani aliyeniharibia", lazima kwanza madai hayo apelekewe wakili huyo kwa maandishi na apewe nafasi ya kujibu, kisha barua yako na jibu lake (au ushahidi kwamba amenyamaza) viwekwe mbele ya mahakama. Huu ni msimamo uliowekwa tangu kesi ya BT (Nepal) ya mwaka 2004. Majaji wanasikia lawama hizi kila wiki na hawaziamini bila karatasi. Andika barua hiyo wiki hii, na ombi la kuongezewa muda wa rufaa litangulie.

Aliyenijazia fomu si solisita. Ni ndugu yetu mmoja anayejua mambo hayo.

Hapa lazima niwe mkali. Kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila sifa ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1999. Anayeruhusiwa ni wakili aliyesajiliwa na msimamizi wake, au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ofisi iliyoitwa OISC hadi Januari 2025. Ndugu huyo hana bima, SRA haimjui, na Mfuko wa Fidia haumgusi. Alichukua pauni 800 taslimu, hakutoa risiti, na jina lake halimo kwenye fomu. Unaweza kumripoti kwa Immigration Advice Authority, na unaweza kumshitaki kama raia mwingine yeyote. Kumpata na kitu cha kukulipa ni habari nyingine. Najua jamii inaona vibaya kumsema mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu ndiye aliyeandika kwenye fomu yako tarehe ya ndoa isiyo sahihi.

Ofisi inakatalia faili langu.

Hati zako na barua zilizoandikwa kwa niaba yako ni zako. Wakili anaweza kulishikilia faili ikiwa unadaiwa ada. Ukimaliza deni, au mawakili wa pande mbili wakiahidiana, linatoka. Sambamba na hilo, sheria ya taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa zako, na wana mwezi mmoja kujibu. Katika faili tafuta kwanza kumbukumbu za simu. Ule ukurasa wa "mteja ameshauriwa kuhusu hatari, ameelewa" ndio utakaotumiwa dhidi yako, na kama mazungumzo yalifanyika kwa Kiingereza bila mkalimani na wewe Kiingereza chako ni cha sokoni, liseme mapema katika barua ya madai.

Kuna wakili atakayekubali kumshitaki wakili mwenzake?

Wapo wengi, na hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Tafuta anayeshughulika na uzembe wa kitaaluma peke yake, si yule wa mtaani anayefanya kila kitu. Baadhi huchukua kesi kwa mkataba wa kutolipwa wasiposhinda, ila uliza gharama za upande wa pili zitalipwa na nani ukishindwa, na kama kuna bima ya hilo. Dai la hadi pauni 10,000 kwa kawaida linaingia kwenye njia ya madai madogo, ambako unaweza kusimama mwenyewe.

Na wale wa joho na wigi, yaani mabarista wanaosimama mahakamani, nao wanashitakiwa. Kinga yao ya zamani kwa kazi ya mahakamani iliondolewa na House of Lords mwaka 2000, katika kesi ya Hall v Simons.

Mimi niko Glasgow. Haya yote yananihusu?

Si yote. Scotland ina Scottish Legal Complaints Commission tangu 2008, na ukomo wa kudai fidia ya uzembe huko kwa kawaida ni miaka 5.

Nimesharudi Tanga. Nimechelewa?

Kuondoka Uingereza hakufuti madai. Legal Ombudsman na SRA wanapokea malalamiko kwa barua pepe, na barua ya madai haiulizi unaandika kutoka wapi. Saa nazo hazisimami kwa sababu umepanda ndege. Tofauti kubwa iko mahakamani: mshitakiwa anaweza kuomba mdai aliye nje ya nchi aweke dhamana ya gharama kabla kesi haijaendelea, na dhamana hiyo inaweza kuwa maelfu ya pauni. Muulize wakili jambo hilo siku ya kwanza. Vilevile weka anwani ya kupokelea nyaraka ndani ya Uingereza, kwa mtu anayefungua barua siku inapofika.